Mirija Iliyojaa Mbegu Zisizofika: Kisa cha Beberu wa Barabara ya Kipushi

Zizi ninalolieleza liko nje ya Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Kongo, ukiacha barabara ya Kipushi na kuingia njia ya vumbi. Mwenyewe ni mzee aliyestaafu kazi ya mgodi. Pale wote humwita Papa, nami nitamwita hivyo. Ana mbuzi wa kienyeji, wale wafupi wenye nguvu wanaojulikana Katanga nzima, na ana beberu mmoja wa Boer, aina ya mbuzi wakubwa wa nyama, aliyenunuliwa kwa dola nyingi na kuvushwa mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa akiwa bado kijana. Beberu huyo ndiye utajiri wa zizi, na sasa anazeeka.

Papa alikuwa na sababu tatu za kutaka shahawa yake igandishwe. Ya kwanza ni hiyo ya uzee. Ya pili ni sotoka ya mbuzi: ikiingia kijijini haichagui beberu wa bei na mbuzi wa kawaida, na mfugaji anaweza kulala na kundi akaamka na mashimo ya kuzika. Ya tatu ni majirani. Walikuwa wakiomba beberu aende kwao kupandisha, naye akawa anakataa, maana beberu anayezunguka mazizi huondoka mzima na kurudi na ugonjwa wa watu wengine. Mbegu iliyomo ndani ya mtungi wa azoti, kama tunavyoiita huku naitrojeni ya kimiminika, haizeeki, haikohoi, na inaweza kubebwa hadi mji wa Likasi bila kufungiwa kamba.

Sababu zote tatu ni nzuri. Fundi wa zizi, kijana mwenye bidii, alikuwa amejifunza kugandisha shahawa kwenye kituo cha ng'ombe. Vifaa vilikuwepo: uke bandia wa kukingia shahawa, hadubini, mirija ya plastiki ya mililita 0.25 ya kuhifadhia shahawa, na mtungi wa azoti, iliyonunuliwa mjini kwa muuzaji wa gesi za viwandani. Mwezi wa sita wakagandisha. Majike wakawekewa sponji za homoni ili joto lao, yaani siku za kutaka dume, lije kwa pamoja, wakapandishwa kwa mirija iliyoyeyushwa, kisha kila mtu akasubiri.

Wiki tatu baadaye mchungaji alimjia fundi asubuhi na mapema. "Yaya," yaani kaka, "mbuzi zimerudi tena."

Sehemu kubwa ya majike ilikuwa imerudi kwenye joto. Kipimo cha ultrasaundi, zaidi ya mwezi mmoja baada ya kupandisha, kilithibitisha kwamba walioshika mimba hawakufika hata robo ya kundi. Niliitwa wakati Papa na fundi walipokuwa wameanza kulaumiana: Papa akisema mkono wa kijana haujazoea, kijana akisema majike wa Papa hawali vizuri.

Kuwatoa washukiwa mmoja mmoja

Kisa cha aina hii kina washukiwa wengi, na kosa la kawaida ni kuwabadilisha wote kwa pamoja. Ukibadilisha chakula, mpandishaji, homoni na mtungi kwa mpigo mmoja, raundi ya pili ikifaulu hutajua kilichokuponya, na ikishindwa hutajua kinachokuua. Kwa hiyo tulianza na majike wenyewe, maana kuwachunguza hakuna gharama.

Mbuzi hurudi kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi. Jike aliyepandishwa akirudi siku ya 19 hadi ya 23, yai halikurutubishwa kabisa, au kiinitete kilikufa mapema mno kabla mwili wa mama haujakitambua. Akirudi siku ya 30 au ya 40, hapo unafikiria mimba iliyoshika kisha ikapotea, na macho yanageukia bruselosi (ugonjwa wa bakteria unaotoa mimba), njaa, au joto kali la mwezi wa kumi. Daftari la mchungaji, lililoandikwa kwa kalamu ya risasi na kwa uangalifu mkubwa, lilionyesha kwamba karibu wote walirudi kwa wakati wa kawaida. Mbegu na yai hazikukutana, au zilikutana mbegu zikiwa zimechoka.

Tena majike wale wale, waliporudi, waliachiwa dume kijana wa zizi, nao wakashika. Lawama ya chakula ikaishia hapo.

Mkono wa fundi je? Miezi ya nyuma alikuwa amepandisha majike kadhaa kwa shahawa ya beberu huyo huyo ikiwa mbichi, iliyozimuliwa na kutumika saa ile ile, na walizaa. Mlango wa kizazi cha mbuzi una mikunjo inayosumbua, lakini si mgumu kama wa kondoo. Jike akiinuliwa miguu ya nyuma na mpandishaji akiona vizuri kwa spekula, kifaa cha kupanulia uke, bomba hupita mikunjo kadhaa na mara nyingine hufika ndani kabisa. Kijana alikuwa akilifanya hilo kwa utulivu. Wakati wa kupandisha pia ulikuwa sahihi, saa 43 hadi 45 baada ya kutoa sponji, kama utaratibu wa homoni alioutumia unavyotaka.

Beberu alikuwa mzima, majike wazima, mkono mzuri. Kilichobaki ni safari ya mbegu yenyewe kati ya uke bandia na mlango wa kizazi, yaani kugandisha, kutunza na kuyeyusha.

Tone moja, kisha tone lile lile baada ya saa moja

Nilimwomba fundi ayeyushe mrija mmoja mbele yangu. Alifanya sawasawa: maji ya nyuzi 37, sekunde 30, akaufuta ukakauka kabisa kabla ya kuukata, maana tone moja la maji baridi linaloingia ndani linatosha kuharibu kazi. Akaweka tone kwenye kioo kilichopashwa moto. Chini ya hadubini, mbegu kama nne kati ya kumi zilikuwa zikienda mbele. Si ajabu, lakini si mbaya pia. Vituo vingi hukubali mrija wa mbuzi wenye mbegu hai zinazosonga kuanzia asilimia 30 au 40.

"Si unaona, Dokta?" akaniambia. "Ziko hai."

Ni kweli zilikuwa hai. Kwa kipimo hicho hicho alikuwa ameipitisha mirija yote siku ya kugandisha.

Tukaiacha shahawa iliyobaki kwenye kichupa ndani ya maji ya nyuzi 37. Baada ya nusu saa tulipoangalia tena, zilizokuwa zikisonga zilikuwa zimepungua sana, nyingi zikitikisa mkia mahali pamoja. Baada ya saa moja tone zima lilikuwa limetulia, isipokuwa moja hapa na moja pale.

Kwa maoni yangu, kuyeyusha mrija na kuangalia mara moja tu ni kujidanganya. Mbegu iliyopandishwa haikuti yai likiisubiri mlangoni. Jike wa mbuzi hukaa kwenye joto saa 24 hadi 36, na yai hutoka kuelekea mwisho wa joto hilo. Mbegu ikiingia inapaswa kusafiri, kukomaa kidogo ndani ya njia ya uzazi, na kuvumilia kwa saa nyingi. Mbegu iliyogandishwa ina maisha mafupi kuliko iliyo mbichi hata pale kila kitu kinapoenda vizuri. Hii ya Papa ilikuwa inakufa kabla safari haijaanza. Shahawa mbichi ilifaulu kwa sababu ilikaa na maji ya kuzimulia kwa dakika chache tu kabla ya kuingizwa.

Kwa hiyo kulikuwa na kitu ndani ya mchanganyiko wenyewe kinachoua polepole.

Kiini cha yai na tezi za beberu

Nilipouliza resipe ya maji ya kuzimulia shahawa, kijana aliitaja kwa kichwa bila kusita: trisi (kemikali inayozuia uchachu usibadilike), asidi ya sitriki, fruktosi, gliseroli asilimia 7, antibiotiki, na kiini cha yai la kuku asilimia 20. Ni resipe nzuri kabisa. Imegandisha shahawa ya madume ya ng'ombe ulimwenguni kote.

Kiini cha yai kimo kwa sababu ya lesithini, mafuta yanayoshika ukuta wa mbegu na kuulinda usipasuke unapopoa. Gliseroli ina kazi nyingine: huingia ndani ya seli na kupunguza madhara ya barafu. Mwaka 1949, Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes waligundua huko Uingereza kwamba gliseroli inawezesha mbegu za jogoo kugandishwa na kuamka zikiwa hai, na uhifadhi wote wa mbegu za mifugo tunaoujua leo umesimama juu ya ugunduzi huo. Lakini walioendeleza kazi hiyo kwa ng'ombe hawakukutana na tatizo la mbuzi, kwa kuwa dume la ng'ombe halina.

Beberu ana tezi mbili ndogo nyuma ya njia ya mkojo, tezi za Cowper. Majimaji yake huingia kwenye shahawa wakati wa kumwaga, na ndani yake kuna kimeng'enya kinachogandisha kiini cha yai. Mwaka 1957 mtafiti A. Roy alikieleza kwenye jarida la Nature, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wajapani Iritani na Nishikawa wakakichunguza zaidi. Ni fosfolipesi. Inaikata lesithini ya yai na kutoa vitu viwili: asidi za mafuta, na lisolesithini. Hiyo ya pili ni sumu kwa mbegu, inatoboa ukuta ule ule uliotakiwa kulindwa. Kadiri kiini kinavyokuwa kingi, na kadiri mchanganyiko unavyokaa, hasa ukiwa na joto la mwili, ndivyo sumu inavyoongezeka.

Kwa maneno mengine, kijana alikuwa akiziwekea mbegu blanketi, na shahawa yenyewe ikawa inaligeuza blanketi hilo kuwa sumu.

Nilimuuliza kama aliwahi kuona vipande vyeupe ndani ya chupa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema ndiyo, vipo kila mara: vijipande laini vinavyong'ang'ania kioo, na tabaka kama maziwa yaliyokatika. Alidhani ni mayai mabaya. Alikuwa amebadilisha muuzaji wa mayai kule Kenya, si nchi bali mtaa wa hapa Lubumbashi wenye soko tunalolifahamu sote, akaanza kuchuja mchanganyiko kwa shashi kabla ya kujaza mirija. Alikuwa ameiona dalili yenyewe kwa macho yake na kuishughulikia kwa bidii. Ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba chanzo ni beberu na si kuku, na hili linaniuma, maana mafunzo mengi ya kupandisha kwa mrija katika ukanda wetu ni ya ng'ombe, na mbuzi huachiwa mwanafunzi ajikisie mwenyewe.

Kugawa shahawa moja mara tatu

Maelezo mazuri bado si ushahidi. Tukakubaliana kufanya jaribio ambalo zizi lolote lenye hadubini linaweza kulirudia.

Ilikuwa bado majira ya baridi. Watu wa mbali hawaamini, lakini asubuhi ya mwezi wa sita au wa saba Lubumbashi ina ubaridi wa kuvaa koti, na chupa iliyolala mezani usiku kucha ni baridi kiasi cha kuua mbegu kwa mshtuko kabla hujafanya chochote. Kwa hiyo kila kioo, kila pipeti, hata maji ya kuzimulia, viliwekwa kwanza kwenye maji ya nyuzi 37. Uke bandia ukajazwa maji ya moto hadi ndani yake pakawa na nyuzi 42 hivi, jike aliye kwenye joto akafungwa mbele, na beberu, pamoja na uzee wake, hakuhitaji kubembelezwa.

Shahawa ya beberu ni kidogo lakini nzito. Kawaida hutoka nusu mililita hadi mililita moja na nusu, na kila mililita ina mbegu bilioni 2 hadi 5. Ile ya asubuhi hiyo ilikuwa na rangi ya krimu, na chini ya kioo mawimbi yake yalikuwa ya kasi, ya alama za juu. Tukaigawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza likazimuliwa kwa resipe ya zamani, kiini asilimia 20, bila kuoshwa. La pili likapata trisi ile ile, ila kiini kikashushwa hadi asilimia 2. La tatu likaoshwa kwanza: shahawa ikachanganywa na maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa, mara kumi ya ujazo wake, ikazungushwa kwenye sentrifuji kwa mwendo wa wastani dakika kumi na kitu, maji ya juu yenye kimeng'enya yakamwagwa, na mbegu zilizotulia chini zikapewa resipe ya asilimia 20.

Baada ya hapo yote matatu yalitendewa sawa. Chupa zikawekwa ndani ya bilauri ya maji yenye joto la chumba, bilauri ikaingia kwenye friji, ili joto lishuke polepole hadi nyuzi 5 kwa karibu saa mbili. Mirija ikajazwa na kufungwa. Ikalazwa juu ya waya, sentimita 4 juu ya uso wa azoti, katika moshi wake mweupe, kwa dakika kama kumi, kisha ikatumbukizwa kwenye azoti yenyewe, nyuzi 196 chini ya sifuri.

Siku iliyofuata tuliyeyusha. Kwa jicho la kwanza mafungu matatu hayakutofautiana sana, na lile la kwanza halikuwa la aibu. Tofauti ilikuja na saa. Baada ya saa moja kwenye nyuzi 37, la kwanza lilikuwa limekufa kama tulivyoliona mwanzo. La pili na la tatu yalikuwa bado yanaenda. Saa mbili baadaye yalikuwa yamepungua, lakini mbegu zake zilikuwa zinasonga mbele kwa mstari, si kuzunguka mahali pamoja. Na ndani ya chupa ya fungu la kwanza vilikuwemo vile vijipande vyeupe. Katika zile mbili nyingine havikuwemo.

Papa alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote. Aliinama kwenye hadubini, akaangalia kila tone kwa zamu bila kuuliza lipi ni lipi, akanyoosha kidole kwenye la kwanza. "Hili ndilo mlilonipandishia?"

Kijana akajibu, "Ndiyo, Papa."

Papa akamwekea mkono begani, akasema basi sasa tunajua.

Kuosha au kupunguza kiini?

Njia zote mbili zimethibitishwa miaka mingi. Wafaransa, ambao wamefanya kazi kubwa kuliko wote kwa mbuzi wa maziwa, huosha shahawa kisha huizimua kwa maziwa yaliyoondolewa mafuta. Huko Australia, watafiti Ritar na Salamon walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1980 umuhimu wa kiwango cha kiini pale shahawa isipooshwa. Papa aliuliza kama maziwa ya unga, yanayopatikana kila duka, yasingetuondolea taabu ya yai. Jibu ni kwamba bila kuosha hayatuponyi: tezi zile zile hutoa kimeng'enya kingine kinachoyakata mafuta yanayobaki kwenye maziwa, na tokeo lake nalo linaua mbegu.

Kwa zizi hili nilishauri kiini asilimia 2 bila kuosha, na ningeshauri hivyo kwa karibu kila mtu anayefanya kazi hii Lubumbashi. Sentrifuji inataka umeme wa uhakika, na umeme ukikatika katikati ya mzunguko, shahawa ya asubuhi nzima imekwenda. Kuosha pia huchukua muda, hupoteza sehemu ya mbegu, na mkono ukizidisha kasi huvunja mikia. Lakini kiini kidogo kina gharama yake: kinga dhidi ya baridi inapungua, kwa hiyo kupoza kunapaswa kuwa kwa polepole kweli, bila haraka na bila kufungua friji kila dakika kumi. Bilauri ya maji kuzunguka chupa inalifanya hilo kwa uaminifu kuliko mashine nyingi, na umeme ukikatika, sanduku la barafu linaendeleza kazi.

Jambo jingine la ng'ombe lililokuwa limejificha ni idadi. Mrija wa dume la ng'ombe hubeba mbegu kama milioni 20, na unatosha kwa sababu mpandishaji anafika ndani ya kizazi. Kwa mbuzi unaacha mbegu kwenye mlango wa kizazi, na unahitaji milioni 100 hadi 200 kwa dozi. Fundi alikuwa akizimua kupita kiasi ili apate mirija mingi. Shahawa yenye mbegu bilioni 3, ukiweka milioni 200 kwa kila mrija, inatoa mirija 15 tu. Papa aliisikia hesabu hiyo kwa huzuni, lakini mirija 15 inayopandisha ni mali kuliko 60 isiyopandisha.

Mtungi

Kiini cha yai kingeweza kuufunga mjadala, na hapo tungekosea, kwa sababu mirija ya zamani haikuwa mibaya kwa kiwango kimoja. Tulipoyeyusha kutoka vikopo mbalimbali ndani ya mtungi, kile kilichokuwa kikitumika kila siku kilitoa mbegu dhaifu hata dakika ya kwanza, kuliko kile ambacho hakijaguswa tangu siku ya kugandisha. Resipe ni moja, siku moja, beberu mmoja. Tofauti ni mara ngapi kikopo kilivutwa juu.

Nikamwomba kijana anionyeshe anavyochukua mrija. Alivuta kikopo hadi nje ya shingo ya mtungi, akakigeuza kuelekea kwenye mwanga wa dirisha, akasoma maandishi kwenye mirija mmoja mmoja, akachagua, akarudisha.

Mrija wa mililita 0.25 ni mwembamba sana. Ukitolewa kwenye azoti ukawa hewani, hupata joto ndani ya sekunde, na ukipanda juu ya nyuzi 130 chini ya sifuri hivi, barafu ndogo ndogo zilizomo huanza kuungana na kukua. Kuurudisha kwenye azoti hakuziponyi, kunaziacha kubwa vile vile. Kila ufunguzi unaongeza jeraha juu ya jeraha, na kwa nje mrija unaonekana mzima. Kikopo kinapaswa kubaki chini ya shingo, mrija ukamatwe kwa koleo, na ndani ya sekunde 8 hadi 10 uwe umetoka au kikopo kimezama tena. Ili hilo liwezekane, unapaswa kujua mrija uko wapi kabla ya kufungua kifuniko. Tukaandika ramani ya mtungi kwenye karatasi ngumu: kikopo namba fulani, rangi fulani, beberu, tarehe, idadi iliyobaki. Ikafungwa kwa kamba kwenye mpini.

Kiwango cha azoti kilikuwa sawa, fundi alikuwa akikipima kwa fimbo ya mbao kila wiki. Nililolikataza kabisa ni kuubeba mtungi ndani ya gari lililofungwa vioo. Lita moja ya azoti ikichemka inakuwa karibu lita 700 za gesi, haina harufu wala rangi, inaisukuma oksijeni nje na dereva analala bila kujua. Mtungi husafiri nyuma, kwenye hewa, umesimama na kufungwa imara, na kifuniko chake hakibanwi kamwe, maana gesi isipopata njia itajitafutia.

Raundi ya pili, na mirija ya zamani

Waligandisha upya kwa asilimia 2, mbegu milioni 200 kwa mrija, na kila siku ya kugandisha mrija mmoja ukawa unayeyushwa na kuangaliwa kwa saa mbili kabla wenzake hawajakubaliwa. Majike waliochaguliwa ni wale waliokwisha kuzaa na wenye nyonga pana. Hili nililisisitiza kwa sababu beberu wa Boer aliyekomaa hupita kilo 90, na jike wa kienyeji wa kilo 25 anayezaa kwa mara ya kwanza asibebeshwe mzigo huo. Safari hii zaidi kidogo ya nusu ya majike walishika. Ufaransa, penye uzoefu wa miongo, wanazungumzia kama asilimia 60, kwa hiyo sina aibu na matokeo haya hata kidogo.

Mirija ya zamani ilibaki. Papa hakutaka kuitupa, na ninamwelewa: kila mmoja ulimgharimu. Aliuliza kama inaweza kuoshwa baada ya kuyeyushwa. Haiwezi, kwa sababu jeraha limeshaingia ukutani mwa mbegu kabla ya kuganda. Tukaihamishia kikopo kimoja chenye utepe mwekundu, kwa ajili ya kuwafundishia vijana wa majirani kushika mirija na kutumia hadubini, na hakuna jike atakayepandishwa kwayo.

Suala nililomwachia Papa ni gumu zaidi kuliko kiini cha yai. Mtungi wake una mbegu za beberu mmoja. Binti za beberu huyo zitafika umri wa kupandishwa kabla mwaka haujaisha, na mbegu ya baba yao haifai kuwagusa. Majirani nao wakijaza mazizi kwa damu hiyo hiyo, baada ya miaka michache kijiji kizima kitakuwa ndugu wa karibu. Anahitaji mabeberu wengine wawili au watatu wasio na undugu, kila mmoja apimwe bruselosi kabla hajakaribia uke bandia, kwa kuwa azoti huvihifadhi vijidudu kama inavyohifadhi mbegu. Ameanza kuulizia upande wa Likasi. Fundi ameomba kwamba safari ya kwenda kumwangalia beberu wa kwanza, naye awemo, na abebe hadubini.